Raundi ya Nne

Mwaka 1968, Michezo ya Olimpiki ya Mexico ilipokwisha, wakuu wa ndondi za ridhaa duniani walikaa wakamchagua bondia mmoja aliyeonyesha ustadi kuliko wenzake wote, wa uzani wowote ule. George Foreman alikuwapo na dhahabu yake ya uzani mzito. Kombe la Val Barker halikwenda kwake. Lilikwenda kwa Philip Waruinge, mtoto wa ndondi za Nakuru, ambaye shingoni alikuwa na shaba tu. Kwenye nusu fainali ya uzani wa unyoya, majaji walikuwa wamempa ushindi mwenyeji, Antonio Roldán, naye Roldán akaenda kutwaa dhahabu baada ya mpinzani wake wa fainali kuondolewa kwa kucheza rafu. Miaka minne baadaye, Munich, Waruinge akarudi na fedha. Ongeza dhahabu mbili za Michezo ya Jumuiya ya Madola, ya Kingston mwaka 1966 na ya Edinburgh mwaka 1970, utaona kwa nini nasema Afrika Mashariki haijapata bondia wa ridhaa wa kumpita.

Halafu akatia sahihi ngumi za kulipwa, akahamia Japani, akawa anapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Alipotundika glavu alikuwa amepoteza karibu mara nyingi kama alivyoshinda. Nafasi ya mkanda wa dunia ilimjia Aprili 1976 nchini Panama, mbele ya Rigoberto Riasco aliyekuwa akipigana kwao. Pambano halikufika mwisho, na mkanda ukabaki Panama.

Mimi ni mtu wa kona. Nilipigana ridhaa ujanani Nairobi, katika klabu ya shirika moja la umma, kisha nikavuka kamba nikakaa upande wa pili: kufunga bandeji, kushika saa, kubeba ndoo, kupaka mafuta ya mgando kwenye nyusi. Wazee walionilea katika kazi hiyo walitufundisha mkono wa kushoto kwa jina la Waruinge. Ukirusha jebu ukachelewa kuirudisha, uliambiwa: "Waruinge angekuwa ameshaondoka hapo." Kwa hiyo swali la ilikuwaje, mtu kama yule akashindwa kutamba kwenye kulipwa, nimeishi nalo muda mrefu. Nimelisikia likijibiwa baa, kwenye matatu, kwenye mazishi ya mabondia. Majibu yanayopendwa ni mawili. La kwanza ni kwamba kijana wetu akishaonja pesa huharibika. La pili ni kwamba alikuwa fundi lakini hakuwa na moyo.

Majibu hayo yananiuma, maana yote mawili yanamtwika bondia mzigo usio wake. Mtu aliyesimama ulingoni Mexico, kwenye hewa nyepesi ya mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, akapigana na mwenyeji mbele ya umati wa kwao, hakosi moyo. Na si sisi peke yetu tuliopatwa na jambo hili. Mwaka 1976 kule Montreal, Marekani ilipata dhahabu tano za ndondi. Kombe la Val Barker alipewa Howard Davis, aliyecheza michezo ile akiwa amefiwa na mama yake siku chache kabla. Wenzake wanne wenye dhahabu, yaani Sugar Ray Leonard, ndugu wawili Leon na Michael Spinks, na Leo Randolph, wote walikuja kuwa mabingwa wa dunia wa kulipwa. Davis, aliyetajwa kuwa fundi kuliko wote, alipigania mkanda mara tatu, kwa Jim Watt, kwa Edwin Rosario na kwa Buddy McGirt, na mara zote tatu akatoka mikono mitupu. Jambo likitokea Nakuru na likatokea pia New York, sababu yake haiwezi kuwa tabia ya watoto wa Nakuru.

Sababu ya kwanza imo ndani ya kazi yenyewe. Ngumi za ridhaa za enzi zetu zilikuwa raundi tatu za dakika tatu. Dakika tisa, basi. Umevaa fulana, na tangu Olimpiki ya 1984 ukavalishwa na kofia ya kukinga kichwa. Kinachohesabiwa ni mguso safi: ngumi imefika, jaji ameiona, na wewe umeshatoka kabla hujajibiwa. Ngumi inayomwangusha mtu na ngumi inayomgusa paji la uso tu hazikutofautiana sana kwenye karatasi. Bondia mwerevu huusoma mtihani wake. Hujifunza kusimama wima apate urefu, kurusha haraka, kucheza kwa miguu, kutumia pumzi yote bila kubakiza kwa sababu kesho kuna pambano jingine na leo ni dakika tisa tu. Hajifunzi kukaa kifuani kwa mtu. Hajifunzi kupiga mbavu, maana ngumi ya mbavu jaji wa upande wa pili haioni. Ilipokuja mashine ya pointi kuanzia Barcelona 1992, ambapo majaji watatu kati ya watano walitakiwa kubonyeza kitufe ndani ya sekunde moja, ngumi ya mwili ilikaribia kufa kabisa katika ridhaa. Mashine hiyo ilidumu hadi London 2012. Kizazi kizima kilikua chini yake.

Sasa mchukue kijana huyo, mvue fulana, mvue kofia, mvalishe glavu za aunsi nane, umwambie apigane raundi nane, kumi, kumi na mbili. Siku za Waruinge mapambano ya mkanda yalikuwa raundi kumi na tano. Ni kumwambia mkimbiaji wa mita 800 kwamba kuanzia mwezi ujao riziki yake ni marathoni. Miguu anayo, mapafu anayo, lakini kila alichozoea kukifanya kwa mwendo wake wa kawaida kitamuua kabla hajafika nusu ya njia.

Niliyaona haya kwa macho yangu, kutoka umbali wa mkono mmoja. Rafiki yangu wa klabuni, mashoto, mrefu, alikuwa kwenye ridhaa mtu wa kutazamwa. Watu walikuwa wakiacha chai yao kantini akianza kupiga kivuli. Sitamtaja jina, kwa kuwa yuko hai na ana wajukuu, na habari zake ni zake. Alipoingia kulipwa nilikuwa kwenye kona yake, na kocha wetu, mzee aliyekuwa akituita sote wanangu, ndiye aliyekuwa akisema naye. Pambano lilikuwa la raundi sita. Mpinzani alikuwa mtu mzima kidogo, mfupi, mwenye pua iliyokwishavunjika zamani, mmoja wa wale wanaoitwa wajaze nafasi kwenye programu. Alikuwa amepoteza mapambano mengi kuliko aliyoshinda.

Raundi ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa za rafiki yangu, wala hazikuwa na ubishi. Yule mfupi alikuwa akimfuata tu, kichwa chini, akirusha ngumi ambazo umati ulikuwa ukizicheka kwa sababu zilikuwa zikiishia mabegani na kwenye viwiko. Baada ya raundi ya tatu nikachomoa kinga ya meno nikaisuuza. Nilipoinua mkono wa rafiki yangu wa kulia kumpangusa jasho, nikaona nyama ya juu ya kiwiko imeiva, nyekundu ya kuelekea zambarau, imevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mkono wa pili vilevile. Chini ya ubavu wa kulia kulikuwa na alama nne za glavu zilizopangana.

"Mzee, mikono imekuwa mizito," alisema.

Kocha alikuwa ameshaona. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Hakuwa akikukosa, mwanangu. Mikono ndiyo aliyokuwa akiitafuta."

Kengele ikalia. Raundi ya nne ilikuwa raundi ambayo rafiki yangu hakuwa amewahi kuiona maishani mwake kwenye pambano la kweli. Jebu yake, ile iliyokuwa ikitoka begani ikarudi begani, sasa ilirudi kiunoni. Miguu ikatulia. Mfupi akasogea hatua mbili mbele, akaweka paji lake la uso kwenye kifua cha mwenzake, akaanza kazi aliyokuja kuifanya. Hakuwa na haraka. Alikuwa akimwegemea, anamfanya abebe uzito wa watu wawili, anapiga mbavu, anapumzika, anapiga tena. Rafiki yangu hakuanguka. Alisimama mpaka kengele ya mwisho kwa ushujaa ambao sijaona wa kuupita, akapoteza kwa pointi. Umati ukasema kijana hana pumzi.

Pumzi alikuwa nayo. Tulikuwa tukikimbia pamoja alfajiri, na sikuwahi kumpata. Kilichokosekana ni kwamba katika miaka yote ya ridhaa hakuna aliyewahi kumfundisha kuwa mtu anaweza kulenga mikono, au kwamba kuna raundi za kushinda na raundi za kupumzika ukiwa umesimama, au jinsi ya kukumbatia bila kubeba uzito wa mwenzako. Mambo haya hayasomwi vitabuni. Hufundishwa na wazee waliokwishayapitia, kwenye mapambano ya mazoezi ya raundi nyingi, wiki baada ya wiki, kwa muda wa mwaka au miwili. Na hapo ndipo ninapofika kwenye sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: mwaka huo au miwili, nani atamlisha?

Bondia wa ridhaa wa Kenya wa miaka ile alikuwa na kazi. Magereza, Jeshi, Polisi, Reli na mashirika mengine yalikuwa yakiajiri mabondia. Alikuwa na mshahara mwisho wa mwezi, ana nyumba au kitanda cha bweni, anapata ruhusa ya mazoezi, anakula kambini nyama na maziwa kabla ya mashindano, na akiumia anatibiwa. Siku anapotia sahihi kulipwa, vyote hivyo vinakatika mara moja. Kazini anaacha. Kwenye timu ya taifa hawezi kurudi. Promota humlipa akipigana tu, na mapambano yanaweza kukaa miezi mitatu bila kuja. Kwenye malipo yenyewe hukatwa fungu la meneja, fungu la kocha, nauli, hata glavu. Rafiki yangu alikuwa na mke na mtoto mchanga. Katikati ya mapambano alikuwa akishinda sokoni akipakua magunia ya viazi. Mtu anayepakua magunia tangu saa kumi alfajiri hafanyi mazoezi ya raundi kumi jioni. Anafanya tatu, zile anazozijua, kisha anakwenda kulala.

Kwa hiyo yale mambo mapya aliyotakiwa kuyajifunza hakupata saa ya kuyajifunza. Na kwa kuwa jina lake la ridhaa lilikuwa kubwa, alikuwa akipangiwa watu wagumu haraka. Hapa kuna ukatili ambao watu wa nje hawauoni. Bondia asiye na jina hujengwa pole pole kwa kuwa hakuna anayemtaka. Bondia mwenye medali huuzwa medali ikingali inang'aa.

Robert Wangila alikuja na medali iliyong'aa kuliko zote. Oktoba 1988, Seoul, katika fainali ya uzani wa welter, alimpiga Mfaransa Laurent Boudouani kwa KO katika raundi ya pili. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi ya Olimpiki. Hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Nakumbuka Nairobi ya siku ile: redio zilikuwa zimefunguliwa kwa sauti ya juu mlango hadi mlango, na watoto wa mitaa ya mashariki ya jiji wakitembea wamefunga vitambaa kwenye ngumi. Wangila alikuwa na mkono mzito, na sisi watu wa kona tulisema huyu ndiye, huyu hana tatizo la mguso safi, huyu anaangusha watu.

Akaenda Marekani. Alishinda mapambano 22 akapoteza matano, na mkanda mkubwa wa dunia hakuwahi kuugusa. Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Mwamuzi Joe Cortez alisimamisha pambano raundi ya tisa, naye Wangila akalalamika kwamba angali na nguvu. Muda mfupi baadaye alizimia chumbani, akapasuliwa kichwa, na hakuamka tena. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26.

Mfaransa aliyelala chini Seoul alianza kulipwa karibu wakati uleule. Boudouani alikaa kwao. Alipanda ngazi moja moja, akapita kwenye ubingwa wa Ulaya, na mwaka 1996, miaka minane baada ya KO ile, akawa bingwa wa dunia wa WBA wa uzani wa kati mwepesi. Alilitetea taji lake hadi 1999. Usiku mmoja wa Seoul ulionyesha wazi nani kati yao alikuwa na ngumi bora. Miaka iliyofuata ilionyesha jambo jingine: mmoja alikuwa na nchi yenye promota, televisheni na ngazi za kupanda, na mwingine alikuwa na begi la nguo na mji wa ugenini ambako alikuwa mgeni kwenye kona yake mwenyewe.

Sisemi pesa ingetosha. Uingereza ilimpata Audley Harrison, bingwa wa Olimpiki ya Sydney 2000 wa uzani wa juu kabisa, na akaanza kulipwa kwa mkataba mnono wa televisheni ambao bondia wa Nairobi hawezi hata kuuota. Akajiendesha mwenyewe, akachagua wapinzani wake mwenyewe, kwa miaka mingi. Mwaka 2010 alipokutana na David Haye kwa ajili ya mkanda, alirusha ngumi chache mno watu wasiamini macho yao, na akaondolewa raundi ya tatu. Alikuwa na chakula na alikuwa na muda, lakini katika miaka yote ile ya mwanzo hakuwa na mzee wa kumwambia hapana, usipigane na huyu tena, huyu hakufundishi kitu. Njaa inamzuia bondia kujifunza, na shibe isiyo na mwalimu inamzuia vilevile.

Wala sisemi kipaji kikubwa sana huruka mtaro huu ulio kati ya ridhaa na kulipwa bila kuuhisi. Vasyl Lomachenko wa Ukraine alishinda dhahabu mbili za Olimpiki, 2008 na 2012, na katika ridhaa husemekana alipoteza pambano moja tu kati ya karibu mia nne. Katika pambano lake la pili la kulipwa alikwenda moja kwa moja kwenye mkanda wa dunia, Machi 2014, dhidi ya Orlando Salido, Mmeksiko aliyekuwa ameshapoteza zaidi ya mara kumi. Salido hata uzani alishindwa kuufikia, akanyang'anywa mkanda kwenye mizani. Lakini ulingoni alimkumbatia, akampiga chini na juu ya mkanda wa suruali, akamwegemea, akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Nilipolitazama pambano lile nilimwona yule mfupi wa pua iliyovunjika. Ilikuwa kazi ileile. Tofauti ni kwamba Lomachenko alikuwa na baba yake kama kocha, promota mkubwa nyuma yake, na hakulazimika kutafuta chakula cha kesho. Miezi mitatu baadaye alipewa nafasi nyingine akashinda mkanda. Rafiki yangu hakupewa nafasi nyingine ya aina yoyote. Baada ya kupoteza lile la kwanza alikuwa mtu wa kujaza programu.

Majirani zetu na baadhi ya watu wetu walionyesha kwamba mtaro unavukika. Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa ridhaa kule Havana mwaka 1974, alihamia Denmark kwenye kambi ya promota Mogens Palle. Alijengwa humo miaka kadhaa bila kukimbizwa, na mwaka 1979 akamshinda Masashi Kudo kwao Japani akawa bingwa wa WBA. Alipokutana na Sugar Ray Leonard mwaka 1981 alikuwa hajawahi kupoteza. Alipoteza usiku ule, kwa Leonard, na hiyo si aibu kwa mwanadamu yeyote. Steve Muchoki wetu, bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978, alipita njia hiyohiyo ya Denmark. Alishindwa na bingwa Santos Laciar mwaka 1982 baada ya kumsukuma hadi raundi ya kumi na tatu, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola London. Tazama raundi yenyewe: kumi na tatu. Huyo ni mtu aliyefundishwa safari ndefu.

Nikirudi kwa Waruinge, naona mambo haya yote yamekutana juu ya mtu mmoja. Alianza kulipwa akikaribia miaka 30, baada ya kuipa bendera miaka yake bora. Alikwenda nchi ambayo hakuijua lugha yake. Mkanda alioupigania Panama ulikuwa wa uzani wa kilo 55 na kidogo, wakati Mexico na Munich alikuwa amepigana kwenye kilo 57, kwa hiyo mtu mzima wa miaka 31 alitakiwa awe mwepesi kuliko alivyokuwa kijana. Mpaka leo nikisikia mtu akisema alikosa moyo, huwa nasimama nikamjibu, hata kama ni matangani.

Klabu zetu zingali zikitoa mabondia wazuri, Kenya na hata ng'ambo ya mpaka. Tanzania ilipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur mwaka 1998 kupitia Michael Yombayomba, na kila mara nikienda kwenye mashindano ya vijana namwona angalau mmoja anayenifanya nivute kiti karibu na ulingo. Kofia za kinga zimeondolewa kwa wanaume, mashine ya pointi imekwenda, na majaji sasa wanatoa pointi kumi kwa raundi kama kwenye kulipwa. Mtaro umepungua upana. Haujafukiwa.

Kwa makocha wa ridhaa nina ombi moja: siku moja kwa wiki, sahau mashindano yajayo. Mpe kijana raundi nane za mwendo wa pole na mtu mzima anayejua kukumbatia, na umfundishe kupiga mbavu hata kama hakuna jaji atakayemhesabia. Kwa wakuu wa taasisi zinazoajiri mabondia naomba ruhusa ya mwaka mmoja bila kumfuta kazi anayetaka kujaribu kulipwa. Mwalimu anayekwenda masomoni hupewa, na bondia naye anakwenda masomoni.

Na wewe kijana unayesoma haya, ambaye promota amekupigia simu baada ya medali yako: usitie sahihi usiku uleule. Mwite mzazi wako au mzee wa klabu yako akae kando yako mkataba ukisomwa. Uliza nani atakulipia chakula mwezi ambao hupigani, nani atakuwa kwenye kona yako na amewahi kupeleka wangapi raundi ya kumi, wapinzani wako watano wa kwanza watachaguliwa vipi, na nani atakupeleka hospitalini kupigwa picha ya kichwa baada ya pambano gumu hata ukisema hujambo. Majibu yote yaandikwe kwenye karatasi ile ile utakayoitia sahihi. Asipokubali kuyaandika, mshukuru, mwage kwa heshima, na Jumatatu urudi mazoezini.